Mbogo wa Msumbiji na ganda lililojaa pomoni: kisa cha .458 Winchester Magnum

Mwaka 1959 mwindaji wa Kimarekani, Jack Lott, alijeruhiwa na mbogo nchini Msumbiji. Bunduki aliyokuwa akiwindia ilikuwa ya .458 Winchester Magnum, risasi iliyokuwa na miaka mitatu tu sokoni na iliyosifiwa kuwa mrithi wa zile risasi kubwa za Waingereza. Lott alipona. Hakuridhika, lakini, na mwaka 1971 alikuja na risasi yake mwenyewe, .458 Lott. Katikati ya miaka hiyo 12 pamelala kisa ambacho kila anayejaza risasi kwa mkono wake, yaani anayeziunda mwenyewe mezani badala ya kununua za kiwandani, anapaswa kukijua ndani nje.

Wengi hukimaliza kwa sentensi moja: "baruti iliganda." Iliganda kweli. Ila ukiishia hapo utadhani lawama yote ni ya baruti, ukanunue baruti nyingine, kisha urudie kosa lile lile mezani kwako. Mimi naona baruti ilikuwa ya mwisho kuumia. Kosa lilianza mapema zaidi, siku urefu wa ganda ulipopangwa.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno, maana Kiswahili chetu kinaita "risasi" kitu kizima na pia kile kipande kinachoruka. Humu, risasi ni kitu kizima: ganda, fataki nyuma yake, baruti ndani, na kichwa mbele. Uzito nitautaja kwa greini kama wanavyofanya watu wa kazi hii. Greini 15 na ushee ni gramu moja. Na namba inayoanza jina la risasi, kama .458, ni kipenyo cha kichwa kwa inchi, kwa kukadiria.

Ilikotoka

Kigezo cha kila kitu hapa ni .450 Nitro Express ya John Rigby, mtengenezaji bunduki wa Uingereza, ya mwaka 1898. Ilirusha kichwa cha greini 480 kwa futi 2150 kwa sekunde, na baruti yake ilikuwa kodaiti, nyuzi nyuzi ndefu kama tambi. Ganda lake lilikuwa na urefu wa milimita 82 na nusu. Urefu huo haukuwa wa mapambo. Ganda kubwa lilimaanisha shinikizo la gesi dogo, na shinikizo dogo lilimaanisha kwamba hata jua la tropiki likiipasha risasi mpaka isishikike, ganda litatoka chembani, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, bila kung'ang'ania. Anayesimama mbele ya tembo aliyejeruhiwa anahitaji hilo kuliko anavyohitaji kasi.

Shida ilikuwa bei. Bunduki za mitutu miwili zilizopiga risasi hizo zilitengenezwa kwa mkono, moja moja, na watu wachache waliweza kuzinunua. Ndipo mwaka 1956 kampuni ya Kimarekani ya Winchester ikaja na jibu: bunduki ya kawaida ya bolti (komeo linalovutwa kwa mkono kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine), Model 70, katika toleo lililoitwa "African", na risasi mpya ya kufanya kazi ya .450 kwa sehemu ndogo tu ya gharama. Wazo lilikuwa zuri na nalitetea mpaka leo. Lilimpa askari wa wanyamapori na mwindaji wa kipato cha kati silaha ambayo zamani ilikuwa ya matajiri.

Ili kulitimiza, walichukua ganda la .375 Holland & Holland la mwaka 1912, lile lenye mshipi kiunoni, wakalinyoosha na kulifupisha kutoka milimita 72 hadi 63 na nusu. Kwa nini walifupisha? Ili risasi nzima, pamoja na kichwa chake, isizidi milimita 85 hivi, iingie kwenye mtambo wa bolti wa urefu wa kawaida, ule ule wa risasi ya .30-06. Hivyo bolti ndefu haikuhitajika.

Hapo ndipo ninapoweka kidole. Milimita tisa zile zilizokatwa ndizo zilizozaa mengine yote.

Fuata mnyororo wenyewe. Ganda ni fupi, na kichwa cha greini 500 ni kirefu. Kwa kuwa urefu wa jumla umewekewa mpaka, kichwa hakiwezi kuchomoza mbele zaidi; lazima kizame ndani ya ganda, zaidi ya sentimita nzima. Nafasi ya baruti, iliyokuwa finyu tayari, inapungua tena. Lakini kasi iliyoahidiwa ni ile ile ya .450. Basi inabidi kutumia baruti nzito kwa ujazo wake, inayokaa nyingi mahali padogo: baruti ya punje za mviringo, ile iliyobuniwa na Fred Olsen katika kiwanda cha Western miaka ya 1930, na Western na Winchester wakati huo zilikuwa mikononi mwa mmiliki mmoja. Hata hiyo nayo haikutosha kukaa yenyewe. Ilibidi ishindiliwe, na kichwa kiingizwe kwa nguvu juu yake. Na kwa kuwa ganda ni dogo, shinikizo la gesi nalo lilipaswa kupanda: kikomo cha .458 ni karibu mara moja na nusu ya kile cha .450 ya zamani.

Ahadi na vipimo

Iliyotangazwa ni kichwa cha greini 500 kwa futi 2130 kwa sekunde, yaani gramu 32 kwenda mita 649 kila sekunde. Ukipiga hesabu unapata nguvu ya karibu jouli 6800, zaidi kidogo ya .450. Kwenye karatasi, mrithi alimzidi mzazi.

Watu walipoanza kupima, vipimo vingi viliangukia chini ya futi 2000, na vingine vikasogea hadi 1900. Kwa futi 1900 nguvu inashuka hadi jouli 5400 hivi. Moja ya tano ya nguvu imekwisha kabla kichwa hakijafika kwenye ngozi. Kwa swala hutaiona tofauti. Kwa tembo, ambaye ubongo wake umezungukwa na mfupa mnene wenye vyumba vyumba kama sega la nyuki, moja ya tano hiyo yaweza kuwa ndiyo umbali uliobaki kufika ubongoni.

Bado, ulegevu wa kasi peke yake ungevumilika. Wazee waliua tembo kwa risasi dhaifu kuliko hiyo. Kilichokuwa hatari ni kutotabirika: risasi za boksi moja, moja inakwenda vizuri, ya pili inalegea, ya tatu inachelewa kushika moto. Mwindaji akijua bunduki yake ni dhaifu, husogea karibu zaidi. Akiwa na bunduki ambayo risasi moja tu kati ya kumi ni dhaifu, hana namna ya kujipanga.

Dhana nilizoziondoa

Mchambuzi asikimbilie jibu analolijua tayari, kwa hiyo nilianza na yale mengine.

La kwanza ni urefu wa mtutu. Namba za kiwandani zilipatikana kwenye mtutu wa majaribio wa inchi 26, na Model 70 African ilikuwa na wa inchi 25. Bunduki nyingine za .458 zilikuwa fupi zaidi. Kwa risasi ya aina hii kila inchi inayokatwa hupunguza kama futi 20 hadi 30 kwa sekunde. Hilo linaeleza futi 25, labda 100 kwa mtutu mfupi kabisa. Halielezi futi 200, na halielezi kabisa tofauti kati ya risasi na risasi ndani ya mtutu ule ule.

La pili ni joto, na hapa ndipo uchambuzi wenyewe ulinifungukia. Kila mjazaji anafundishwa kwamba joto hupandisha shinikizo. Baruti ikiwa ya moto huungua haraka zaidi, kasi huongezeka, na ukizidisha bolti inakuwa ngumu kuinua. Kama joto la Afrika lingekuwa likifanya kazi yake ya kawaida, malalamiko yangekuwa ya maganda kung'ang'ania chembani. Badala yake tunasikia risasi zinalegea, tena kwenye jua kali. Dalili iliyokwenda kinyume na inavyotarajiwa ina thamani kubwa kuliko kumi zinazokubaliana. Inakuambia kwamba joto halikufanya kazi wakati wa kufyatua. Lilifanya kazi kabla, miezi na miaka kabla, risasi zikiwa zimekaa bohari, melini na ndani ya gari lililoegeshwa juani.

La tatu ni mwindaji mwenyewe: kulenga vibaya, hofu, teke la bunduki. Yapo na yatakuwepo siku zote, na naamini mengi yaliyosingiziwa risasi yalikuwa ya mkono. Lakini kifaa cha kupima kasi hakina hofu, nacho kilisema hivyo hivyo.

Ndani ya ganda

Chukua risasi ya kawaida ambayo baruti yake haikujaa, itikise karibu na sikio. Utasikia mchakacho mdogo, kama mchanga kwenye kibiriti. Sasa tikisa ile iliyoshindiliwa. Kimya. Tatizo ni kwamba ukimya huo ni ule ule iwe baruti imeshindiliwa jana na bado ni punje huru, au imekaa miaka kumi na kuwa jiwe. Sikio halitakusaidia.

Kwa hiyo inafunguliwa. Nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa, risasi inakazwa ndani yake, unapiga juu ya gogo. Kichwa cha greini 500 ni kizito, mapigo mawili matatu kinatoka. Kwa kawaida baruti humwagika nyuma yake kama maji. Kwenye risasi hizi za zamani, kichwa kinatoka, unaligeuza ganda juu ya sahani, na hakuna kinachodondoka. Unachungulia. Baruti imo, uso wake umekuwa bapa na kubonyea kidogo katikati, umechukua umbo la kitako cha kichwa kama udongo unavyochukua alama ya kidole. Unaigusa kwa kijiti cha mti, siyo chuma, na inamong'onyoka vipande vipande kama sukari iliyokaa kwenye kopo lenye unyevu. Ukiisugua kati ya vidole punje zinarudi kuwa punje. Haikuharibika kwa kuoza. Ilishikana tu.

Kinachozishikanisha kinaeleweka. Punje za baruti hii zimepakwa juu yake kemikali ya kupunguza kasi ya kuungua mwanzoni, na ndani zina nitroglisarini. Zibane kwa nguvu, zipashe moto mchana, zipoe usiku, rudia kwa miaka. Nyuso zinazogusana zinanatana.

Na kwa nini kushikana ni hatari namna hii? Baruti haiungui yote kwa mpigo kama watu wanavyodhani. Kila punje huungua kutoka nje kwenda ndani, na kasi ya gesi inategemea ni uso kiasi gani umefikiwa na moto. Gogo zima na gogo lile lile lililopasuliwa kuni ni uzito mmoja, lakini jaribu kuwashia maji ya chai. Punje huru huruhusu ulimi wa moto wa fataki upenye katikati yake mpaka mbele. Donge moja huupa moto uso wa nyuma tu. Gesi inaanza kwa uvivu, kichwa kinasogea kabla shinikizo halijapanda, nafasi inapanuka, shinikizo linashindwa kupanda tena. Donge likivunjika mapema, risasi inakwenda karibu na inavyotakiwa. Likichelewa, inalegea. Ndiyo maana boksi moja lilitoa tabia tatu. Ongeza kwamba baruti ya punje za mviringo, kwa ule mpako wake, ni ngumu kuwaka hata ikiwa nzima. Wajazaji huitafutia fataki zenye moto mkubwa zaidi.

Baya kuliko yote ni kichwa kubaki ndani ya mtutu. Mtu anasikia mlio mdogo, mnyama yuko pale pale, mkono unavuta bolti na kusukuma risasi ya pili nyuma ya kizuizi. Ukiisikia bunduki kubwa ikitoa mlio wa kikohozi, simama hapo hapo, chochote kinachokuja mbele yako. Naandika hivyo nikijua kinachokuja mbele yaweza kuwa mbogo.

Kwa nini ilichukua muda kujulikana

Risasi mpya kutoka kiwandani zilipita majaribio, kwa sababu zilikuwa mpya. Mhandisi aliyezipima wiki moja baada ya kujazwa hakuona tatizo wala hakudanganya. Donge lilikuwa halijazaliwa. Na yule aliyekutana nalo huko porini hakuwa na kifaa cha kupima kasi. Siku hizo vifaa hivyo vilikuwa vya maabara. Alikuwa na sikio, bega, na jinsi mnyama alivyoanguka au kutoanguka.

Kisha mbadala ukatoweka. Miaka ya 1960 Kynoch wa Uingereza, waliokuwa wakitengeneza karibu risasi zote kubwa za Nitro Express, waliacha kuzitengeneza. Wazee wanasema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini hapa mbacha wenyewe uliondolewa chini ya watu. Mwenye .450 au .470 alibaki na bunduki nzuri isiyo na chakula. Idara za wanyamapori barani zilikuwa zimeshaichukua .458, na ikawa risasi ya kawaida ya kazi. Nadhani hilo ndilo linalofanya kisa hiki kiwe kizito kuliko habari ya jeraha la mtu mmoja.

Walivyotoka

Njia zilikuwa tatu. Kiwanda hatimaye kilibadilisha ujazaji na baruti, na risasi za .458 zinazotengenezwa sasa ni za kuaminika. Asikutishe mtu kwamba bunduki yenyewe ni mbovu.

Njia ya pili ilikuwa ya wajazaji wa mezani, nami ndiyo ninayoipenda, kwa sababu walilitatua kwa kuacha kitu. Waliacha kuifukuza namba ya 2130. Wengine walishuka hadi kichwa cha greini 450, ambacho ni kifupi na hivyo kinarudisha nafasi ndani ya ganda. Wengine walibaki na 500 lakini wakachagua baruti ya vijiti inayofikia kiasi chake bila kushindiliwa sana, wakaridhika na futi 2050 zinazorudi zile zile kila mara. Penye ulazima wa kujaza mpaka juu, waliimimina baruti polepole kupitia mrija mrefu ili punje zijipange zenyewe, badala ya kutumia kichwa kama mchi. Kiasi chenyewe sikitaji hapa. Kinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti uliyonayo, kwa toleo la sasa, na unaanzia chini.

Kuna jambo moja dogo ambalo hata wazoefu hulipita. Baruti iliyoshindiliwa husukuma kichwa kwenda mbele kama springi, usiku kucha, mwezi mzima. Wakati huo huo teke la bunduki kubwa hutupa risasi zilizo ndani ya magazini zigonge ukuta wa mbele, na vichwa husukumwa nyuma. Kichwa kiko vitani pande zote mbili. Mdomo wa ganda usipobanwa sawasawa kwenye mfereji wa kichwa, urefu wa risasi hubadilika bila wewe kujua. Jaza tano, zipime urefu, piga mbili, toa zile tatu zilizobaki ndani ya magazini uzipime tena. Zikiwa zimehama hata sehemu ya milimita, rudi kwenye kalibu ya kubana, ile inayobana mdomo wa ganda, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Njia ya tatu ni ya Lott mwenyewe. Alirudi kwenye ganda la .375 likiwa karibu na urefu wake kamili, milimita 71, akarudisha milimita nane kati ya zile tisa. Basi. Kwa nafasi hiyo kichwa cha greini 500 kinafika futi 2300, na anayetaka 2150 anazipata bila kushindilia. Inahitaji mtambo mrefu wa bolti, yaani ile ile gharama iliyokwepwa mwaka 1956. Na chemba ya .458 Lott inapokea pia risasi ya .458 Winchester, ikiwa fupi tu, hivyo aliyekwama mbali na duka bado ana cha kupiga.

Boksi la zamani

Maboksi ya miaka ile bado yapo, kwenye makabati ya marehemu baba na babu, na mara kwa mara mtu huniuliza kama yanafaa. Kwa kuwindia, hapana, hata kama shaba inang'aa. Usiyapige "kuyamaliza" pia, maana kichwa kikikwama mtutuni utailipia bunduki nzima. Ng'oa vichwa moja moja. Baruti iliyotoka, iwe donge au unga, usiirudishe kwenye ganda lolote; itawanye nyembamba kwenye bustani mbali na nyumba, ina naitrojeni. Fataki za zamani zitolewe na kutupwa zikiwa zimeloweshwa. Maganda yasafishe, yakague kwa mwanga pale juu kidogo ya mshipi, na lenye mstari mng'avu unaozunguka liponde kwa koleo lisije likarudi mezani kwa bahati mbaya. Yaliyobaki yana kazi bado.